Jambiani Maji Yakitoka

Wengi wanaokwenda pwani ya mashariki ya Unguja huenda kutafuta maji. Hufika Jambiani asubuhi jua limeshapanda, wakakuta bahari imejitoa hadi karibu na mwamba, kilomita moja na zaidi kutoka ufukweni, na mbele yao umebaki uwanda wa mchanga, madimbwi na majani ya bahari. Wapo wanaovunjika moyo wakarudi kulala. Mimi nilifunga safari kwa ajili ya uwanda huo. Ni mtu wa bara, nimekulia Iringa kwenye milima na ukungu, na nilipoona kwa mara ya kwanza jinsi ardhi nzima inavyozaliwa asubuhi na kufunikwa tena mchana, nilijua kuwa kamera yangu imepata kazi.

Safari ya kupiga picha za maji kupwa hupangwa kwa mwezi. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa unaandama, bahari huwa na bamvu: maji hupanda sana na kushuka sana, na Unguja tofauti hiyo hufikia takriban mita 4. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, bahari hupumua kidogo tu. Mpiga picha angedhani siku ya bamvu kubwa ndiyo siku yake, lakini siku hizo maji hufika chini kabisa mnamo saa nne asubuhi au baadaye, jua limekaza, vivuli vimekwisha na mchanga unaumiza macho. Siku za maji mafu, kupwa huja mapema asubuhi na tena jioni, nuru ni tamu, ila bahari haiondoki vya kutosha. Siku za kutafuta basi ni mbili tatu kabla ya mwezi kupevuka au kuandama. Bamvu ndiyo kwanza linaanza, na maji hufika chini saa moja au saa mbili asubuhi, jua likiwa bado halijawa na ukali. Kila siku inayofuata kupwa huchelewa kwa takriban dakika 50, kwa hiyo fursa ikipita imepita, usubiri mwezi ukaribie tena kupevuka au kuandama.

Nilichagua Oktoba. Ni majira ya tangambili, kusi limeshachoka na kaskazi haijafika, na mabamvu ya wakati huo wa mwaka ni miongoni mwa makubwa. Nilivuka kwa boti kutoka Dar es Salaam, nikapita Mji Mkongwe kwa kazi mbili ambazo siwezi kuzikwepa. Kwanza, Capital Art Studio, duka la picha lililofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, lenye picha za rangi nyeusi na nyeupe za Zanzibar ya zamani. Mtu anayetaka kupiga picha kisiwani aanzie pale, amkie wakubwa wa kazi kabla ya kuinua kamera yake. Pili, bakuli la urojo, lile la uchachu wa embe mbichi na ndimu, lenye bajia, viazi, kachori na chatne ya nazi, na juu yake vipande vya muhogo vya kukaanga vinavyovunjika mdomoni. Nilikunywa hadi jasho likanitoka puani.

Daladala ya Jambiani ni namba 309, na huondoka ikijaa. Kujaa kwake kuna maana pana: abiria, gunia la mchele, ndoo za plastiki zilizopachikana, godoro juu ya paa, na jogoo aliyefungwa miguu aliyekaa kwa adabu kuliko sote. Nilikuwa nimesimama nimeinama, begi la kamera kifuani, nikasikia sauti ya mama aliyekaa, "Lete huo mkoba nikupakatie." Hakuuliza una nini ndani. Aliuweka mapajani juu ya kitenge chake, akaukumbatia hadi Kitogani alikoshuka, kisha akampa jirani yake naye aupakate. Tulipita Tunguu na miembe mikubwa ya pembeni mwa barabara, tukapita Msitu wa Jozani ambako dereva alipunguza mwendo, kwa sababu kima punju huvuka pale wapendavyo, na kima hao wenye mgongo mwekundu asili yao ni Unguja tu. Halafu msitu ukakatika, ardhi ikawa ya mawe na vichaka, upepo ukabadilika harufu. Paje. Kisha tukakata kulia, na kijiji cha Jambiani kikaanza, kirefu ajabu, kimejinyoosha kando ya bahari shehia baada ya shehia, Kibigija hadi Kikadini, nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, nyingine za bati, nyingine bado na makuti.

Nyumba niliyofikia ina vyumba vichache na ua wenye mchanga uliofagiliwa hadi ukaonyesha mistari ya ufagio. Umeme ulikatika wakati nakabidhiwa ufunguo. Hakuna aliyeshtuka. Mwenye nyumba aliwasha kandili, akanionyesha ndoo ya maji ya kuoga na kata yake, akaniambia chai itakuwa tayari nikimaliza. Mumewe alikuwa barazani, mzee mvuvi aliyestaafu mashua lakini hakustaafu bahari. Nilimwamkia, nikamweleza nilichofuata. Hakutazama simu wala karatasi. Alitazama juu.

"Kesho mwezi kumi na mbili," alisema. "Maji yatatoka vizuri. Saa moja u nusu, saa mbili, yamesimama. Ukitaka ngalawa zingali majini, toka na adhana. Ukitaka mchanga, toka baada ya sala."

Nilitoka na adhana.

Saa kumi na moja u nusu pwani ya Jambiani ina rangi moja tu, buluu iliyokolea, na hutambui mchanga unapoishia na maji yanapoanzia mpaka mguu ukuambie. Umande unavuma kutoka nchi kavu, mwepesi na wa baridi. Harufu huja kabla ya picha. Chumvi kwanza, halafu mwani mbichi, halafu moshi wa kuni kutoka jikoni mwa watu walioamka, na ukipita karibu na ngalawa, harufu nzito ya sifa, yale mafuta ya samaki yanayopakwa mbaoni. Ngalawa zilikuwa zimeanza kukaa chini. Maji yalipozitoka, kila moja ililala upande, ubavu mmoja umeegemea ndubi yake, mlingoti umeinama, kamba ya nanga imenyooka juu ya mchanga uliolowa.

Kamba ile ndiyo niliyoitumia. Niliishusha kamera hadi usawa wa goti, nikaisogeza mpaka nanga ikakaa kona ya chini kushoto, na kamba ikapanda kwa mshazari hadi kwenye ngalawa iliyo theluthi ya kulia. Jicho hulipenda jambo la kufuata. Katika uwanda mpana namna ile, picha isiyo na njia ya kuingilia humwacha mtazamaji nje. Kamba, mkondo wa maji, safu ya vigingi, nyayo za mtu aliyetangulia, vyote hivyo ni njia. Ukishapata njia, kinachobaki ni kuamua upeo wa macho ukae wapi. Anga likiwa na mawingu yenye umbo, upeo ushushe chini ulipe anga nafasi. Anga likiwa tupu na mchanga una mambo, upandishe juu. Na uwe mnyoofu, kwa sababu bahari iliyoinama kidogo tu huharibu kila kitu kingine ulichokipanga.

Jua la Oktoba huchomoza karibu saa kumi na mbili kamili, na hapo Jambiani hutoka moja kwa moja baharini, nyuma ya mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjika mwambani. Kabla halijatokea kuna dakika ambazo maji yaliyosalia juu ya mchanga, kina cha kucha tu, huchukua rangi yote ya juu. Waridi, zambarau, dhahabu nyembamba. Ngalawa inakuwa mbili, moja ya mbao na moja ya maji. Hapo ndipo mahali pekee ninapouweka upeo katikati ya fremu bila kusita, kwa sababu nusu mbili zinalingana na kila moja inahitaji nafasi yake. Niliacha shata wazi kwa nusu sekunde, maji yanayorudi baharini yakaandika mistari laini kuzunguka nanga. Mvuvi aliyekuwa akishindilia kalafati kwenye ufa wa ngalawa ya jirani alinitazama, akasogea kando ili asinizibe. Nilimwomba arudi. Alirudi, akaendelea na kazi yake, na picha ikapata mwenyewe.

Kisha bahari ikaondoka kwelikweli.

Natamani ningeweza kueleza sauti yake. Haina kishindo. Ni mlio mdogo wa maelfu ya vijito vinavyojitafutia njia, vinakatana, vinaungana, vinakwenda. Nyuma yao mchanga unabaki na mikunjo, safu baada ya safu, umesukwa mithili ya mkeka wa ukili. Mikunjo hiyo huonekana kwa kivuli, na kivuli huhitaji jua la chini linalotoka ubavuni. Simama ukilielekea jua moja kwa moja utapata mng'ao. Lipe mgongo, mchanga utaonekana bapa. Ligeuzie bega, kila mkunjo utasimama. Mpaka saa moja u nusu hivi nuru hiyo ipo, baada ya hapo inakwenda haraka. Na utembee kwa akili: ukishaikanyaga mbele ya picha yako hairudi hadi kesho. Nilijizoeza kuzunguka kwa mbali, kuchagua nitakaposimama kabla ya kupiga hatua, na kupita ndani ya mikondo ya maji ambako nyayo hufutika zenyewe.

Mchanga wa Jambiani ni mweupe kwa sababu ni matumbawe na makombe yaliyosagika kwa miaka mingi, na weupe huo huihadaa kamera. Hudhani kuna nuru nyingi kupita kiasi, ikaipunguza, na ufuko ukatoka wa kijivu. Ongeza mwanga kidogo kwa mkono, hata kwenye simu unaweza, mpaka mchanga uwe mchanga. Penye dimbwi nilifunga kichujio kinachoondoa mng'ao wa maji, nikakizungusha taratibu. Ukikizungusha hadi mwisho unaona chini kabisa, majani ya bahari, kiti cha pweza chekundu chenye nundu, jongoo bahari aliyelala. Lakini anga lote linatoweka usoni mwa maji. Mimi hupenda kuishia katikati, nusu ya dimbwi ni kilindi chake na nusu ni mbingu.

Vaa viatu, hata kama miguu inatamani mchanga. Kuna wale wadudu weusi wenye miiba mirefu waliojipanga kwenye majani, na mwiba wao huvunjikia ndani. Yeboyebo za plastiki zinazouzwa dukani kijijini zinatosha.

Kadiri unavyokwenda mbele ndivyo unavyogundua kuwa uwanda huu si mtupu. Vigingi vilianza kujitokeza, safu kwa safu, kamba zimefungwa kati yake na mwani unaning'inia, wa kijani, wa kahawia, mwingine karibu na zambarau. Jambiani na Paje ndipo kilimo cha mwani kibiashara kilipoanzia Zanzibar mwaka 1989, kwa mbegu kutoka Ufilipino, baada ya utafiti wa Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kufungua njia. Wengi wa wakulima ni wanawake. Mwani wa hapa hukaushwa, ukasafirishwa nje, ukaishia kwenye dawa za meno, vipodozi na aiskrimu zinazoliwa na watu ambao hawajawahi kulisikia jina la Jambiani. Aina yenye bei nzuri zaidi, kotoni, imekuwa ikifa kwa maji kupata joto, na wanawake wengi wamebaki na spinosi isiyolipa sana. Ukitazama kupitia lenzi unaona rangi na mistari. Ukiishusha lenzi unaona mgongo wa mtu ulioinama tangu maji yalipofika kiunoni hadi yalipofika kifundoni.

Kwa hiyo kamera niliiweka begani, ingali juu ya tripodi yake, nikaenda kusalimia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wapi watokea na hiyo miguu mitatu?"

Nilimwambia natoka bara, Iringa. Alicheka, akasema huko ni mbali na bahari, hebu nishike kamba. Nikashika. Alikuwa anavuna mwani uliokaa majini wiki sita, akiuchomoa kwenye vikamba kwa kidole gumba, na kila shada zuri alilitenga kando ili alikate vipande vya kupanda tena. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji, kucha zimeoshwa na chumvi hadi zikawa nyeupe. Mwani ukiukamua unateleza na kubonyea, na ukiung'ata, maana alinipa ning'ate, unalia kama gegedu na una chumvi ya kutosha kupikia mchuzi. Tulifunga, tukafungua, tukazungumza habari za watoto wake walioko mjini na Muscat. Nilipomwomba ruhusa ya kupiga picha alifikiri kidogo, akajitanda vizuri kanga yake, akasema, "Piga, lakini piga na kazi. Usinipige uso mtupu, piga na mwani wangu."

Sijapata kupewa maelekezo bora zaidi ya kupanga picha. Nilirudi nyuma hatua nyingi, nikampata mdogo ndani ya uwanda, safu za vigingi zinamwelekea, mwamba mweupe nyuma yake, kikapu chake mbele. Mtu mmoja katika mandhari hukupa kipimo. Bila yeye uwanda ule ungeweza kuwa wa mita mia au wa nchi nzima.

Mbele zaidi, karibu na mwamba, maji hubadilika kuwa ya kijani angavu na mawimbi yanasikika sasa kifuani. Huko ndiko wanakotafuta pweza. Dada mmoja alikuwa na fimbo ya chuma na macho ambayo sikuweza kuyafuata. Alisimama penye jiwe ambalo kwangu lilifanana na mawe mengine yote, akaelekeza kwa mguu: maganda ya kaa na makombe yamewekwa mlangoni mwa tundu, masafi, mapya. Pweza akila hutupa taka zake nje. Akaingiza fimbo, akangoja, akaisukuma. Mkono mmoja ukatoka ukaikamata fimbo, halafu wa pili, na mara mikono yote ikatoka pamoja, pweza wa rangi ya jiwe aliyegeuka mwekundu, akawa mweupe, akatoa wino. Dada akampindua kichwa kwa mkupuo mmoja, akamweka kwenye kikapu. Hakuna shata niliyoibonyeza wakati huo. Nilikuwa nikitazama.

Ni yeye aliyeniambia tugeuke. "Maji yakirudi hayapigi hodi," alisema, akaonyesha nyuma yetu, ambako mikondo niliyoivuka ikiwa mikavu ilikuwa imeanza kujaa kimya. Kwa mgeni hili ni la kuzingatia: bahari hairudi kwa mstari mmoja kutoka mbele, hujaza kwanza mabonde yaliyo kati yako na nchi kavu. Tulitembea tukirejea, maji yakitufuata, ya uvuguvugu sasa, na njiani tuliwakuta watoto wadogo wakiwatega samaki kwa kanga kuukuu waliyoishika pembe nne.

Ufukweni, kabla ya kufika kijijini, pana mashimo. Utayajua kwa pua. Ni makumbi ya nazi yaliyofukiwa mchangani na kugandamizwa kwa mawe, yaachwe miezi mingi maji yakipanda na kushuka juu yake mpaka yalainike, kisha wanawake huyafukua, wakayaponda kwa magongo na kupata usumba wa kusokota kamba. Harufu ni kali, na nuru ya saa tatu ilikuwa imeshakufa, lakini marundo yale ya mawe meusi kwenye mchanga mweupe yanafaa sana kwa picha isiyo na rangi. Niliyapiga. Kina mama waliokaa kivulini wakiponda walinisogezea kigoda.

Kifungua kinywa nilikila kwa pupa. Chai ya tangawizi, maandazi, mbaazi za nazi, na chapati ya moto iliyokunjwa kwenye kitambaa. Mchana, wali wa nazi na mchuzi wa pweza, pweza laini kwa sababu alipigwa jiweni vya kutosha, pilipili mbuzi pembeni na ndimu ya kukamulia. Mwenye nyumba alikataa kabisa nisimalize. Kila nilipoweka kijiko chini aliniuliza kama chakula hakikuwa kizuri, na swali hilo lina jibu moja tu.

Saa nane mchana maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye mizizi ya minazi. Hiyo ndiyo Jambiani ya kadi za posta, buluu na kijani vimepangwa kwa tabaka, ngalawa zinarudi zikiwa zimetandaza matanga, na upande wa Paje tiara za wanaoteleza juu ya maji zinapepea. Ni nzuri na sitaisema vibaya. Nilioga baharini, nikafuta chumvi kwenye lenzi kwa kitambaa chenye maji baridi, nikalala chini ya mnazi. Mvua ya manyunyu ikapita, dakika chache, ikaondoka na kuacha mawingu marefu ambayo nilikuwa nimeyahitaji tangu asubuhi.

Barazani, alasiri, kahawa chungu ilipita kwenye vikombe vidogo na vipande vya kashata. Wazee walitaka kuona nilichokipata. Simu na kamera zilizunguka mkono kwa mkono, na yale yaliyowavutia hayakuwa niliyoyadhani. Waliyaruka macheo na vivuli, wakasimama kwenye ngalawa. Hii ya fulani, hili tanga limetiwa kiraka karibuni, hapa palikuwa na kigingi chetu. Mzee mwenye nyumba aliikodolea macho picha ya nanga na kamba. "Umepiga ikiwa imelala vizuri," alisema. Kisha akaniambia nisikae sana barazani, maji yameshaanza kutoka tena.

Hilo ndilo jambo la siku ya mwezi kumi na mbili: unapewa mara mbili. Jua la Jambiani huzama nyuma ya kijiji, upande wa bara la kisiwa, na watu huifahamu vibaya jioni yake kwa sababu hiyo. Anayetaka kuliona jua likigusa maji aende Michamvi Kae, upande wa ghuba ya Chwaka, kwenye mikoko. Lakini upande wa mashariki saa kumi na mbili jioni, anga juu ya bahari huwa waridi bila jua lenyewe, nuru ni laini na inatoka nyuma yako, mwezi uliokaribia kupevuka umeshapanda, na uwanda umefunguka upya. Vijana walikuwa wamesimika vijiti vya magoli kwenye mchanga uliolowa. Mpira ulipopigwa ulirusha maji. Nilishusha kamera karibu na ardhi, wachezaji wakawa warefu, mwezi juu ya goli la upande wa mwamba, na kila mbio iliacha nyayo zilizojaa waridi kwa sekunde chache kabla mchanga haujazinywa. Walipoteza mpira mara moja kwenye dimbwi, wakaniita nicheze nafasi ya kipa aliyekwenda kuswali. Nilifunga lenzi nikaenda.

Ukitaka kwenda, anza na mwezi: hesabu siku mbili tatu kabla haujapevuka au kuandama, ukae angalau siku mbili, kwani mawingu nayo yana ratiba yao. Fikia nyumba ya mwanakijiji ukiweza, kula kwake, na ukipita kijijini jisitiri, maana huko ni nyumbani kwa watu. Kamera ya bei kubwa haihitajiki. Kinachohitajika ni kuamka mapema na kuomba ruhusa kabla ya kumwelekezea mtu lenzi. Bibi wa mwani aliniuliza kitu kimoja tu tulipoagana, kama wale wanaopiga picha huwa wanazirudisha, kwa sababu wengi wamempiga na yeye hana hata moja. Basi ukiwapiga picha watu wa Jambiani, zichapishe kwenye karatasi, andika jina kwenye bahasha, na uziwahishe zifike. Daladala ya 309 hubeba mizigo pia.